Masters ya ustawi wa jamii ukiwa Kigoma au Tabora: usome kwa mtindo gani?

Wiki chache zilizopita alinipigia simu mwenzangu wa Kaliua, naye ni afisa ustawi wa jamii kama mimi. Ananiita dada kwa sababu alipokuwa shahada ya kwanza alikuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ofisini kwetu Kasulu, na mimi ndiye niliyemsimamia. "Dada, nimepata hela ya kuanzia. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Nijaze wapi?"

Nikamwambia habari ya chuo tuiweke pembeni kidogo, kwanza aniambie fildi ataifanyia wapi na nani atamsimamia. Akanyamaza, halafu akasema, "Hiyo si wanapanga wao?"

Hapo ndipo wengi wetu wa mikoa hii tunapoteleza. Tunaanza na ada, jina la chuo na tarehe ya kufunga dirisha. Ustawi wa jamii haujifunzwi kwa kusikiliza mihadhara peke yake. Unajifunzwa mbele ya mteja, ukiwa na mtu mzoefu nyuma yako anayekuuliza kwa nini umeamua hivi na si vile. Mtindo wa masomo unaofaa ni ule utakaokupa mtu huyo ukiwa hapa ulipo, au utakaokutoa hapa kwa utaratibu na kukupeleka alipo. Nayaandika haya kwa ajili ya mdogo wangu wa Kaliua, na kwa yeyote aliyeko Kibondo, Uvinza, Sikonge au Nzega anayehesabu akiba yake usiku huu.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilijisajili masomo ya jioni katika mji mkubwa nikitegemea uhamisho niliokuwa nimeahidiwa kwa mdomo. Uhamisho haukutoka. Nilipoteza ada ya muhula na mwaka mzima, na nikarudi nyumbani nikiwa na aibu ambayo sikustahili kuibeba peke yangu. Baadaye nilianza upya kwa masafa, yaani kusoma nikiwa mbali na chuo, na nikamaliza baada ya miaka mitatu na nusu. Yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya mwaka ule ndiyo nayoyaeleza hapa.

Hatua ya kwanza: sema wazi masters hii ni ya kazi gani

Andika sentensi moja kwenye karatasi, usiiache kichwani. Aliyeko halmashauri na anataka kubobea kwenye ulinzi wa mtoto ana safari yake. Aliyesoma sosholojia au ualimu na sasa anataka kuingia rasmi kwenye ustawi wa jamii ana safari nyingine, na huyu anahitaji fildi nzito zaidi kwa sababu hakuipata mwanzo. Anayetaka kufundisha chuo aulize mapema kama programu ina tasnifu kamili, na akumbuke kwamba vyuo vikiajiri wahadhiri huangalia ufaulu wa shahada ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Kama lengo ni kupanda cheo, nenda kwa afisa utumishi wako na umuulize muundo wa kada yako unasemaje kuhusu uzamili, kisha uombe akuonyeshe maandishi yenyewe. Watu wamesoma kwa jasho wakidhani cheo kitakuja chenyewe.

Na kabla hujaenda mbali, toa cheti chako uangalie GPA. Kwa kawaida vyuo hutaka angalau 2.7 ya shahada ya kwanza ili kuingia uzamili. Aliye chini ya hapo aulize kuhusu stashahada ya uzamili kama daraja la kupandia.

Hatua ya pili: pima wiki yako kabla hujapima chuo

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kiwango cha chini cha krediti 180 kwa shahada ya uzamili, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hiyo ni saa 1,800 za kusoma, kuandika, kukaa darasani, fildi na utafiti. Zigawe kwa wiki. Ukisoma miezi 18, unahitaji kama saa 23 kila wiki. Ukisoma miaka mitatu, zinashuka hadi saa 11 na nusu. Mimi niliyetumia miaka mitatu na nusu nilikuwa nahitaji chini kidogo ya saa 10, na hata hizo zilinitoa jasho.

Sasa chukua daftari. Kwa wiki mbili mfululizo andika kila siku saa ulizokuwa huru kweli, yaani ukiwa umekaa, akili inafanya kazi, na hakuna anayekuita. Usiandike saa unazotamani kuwa nazo. Kazi yetu inajulikana: saa za ofisi zinaisha saa tisa na nusu alasiri, lakini mtoto aliyetelekezwa stendi hana saa za ofisi. Polisi wa dawati la jinsia na watoto wanakupigia Jumamosi. Hakimu anataka ripoti ya uchunguzi wa kijamii Jumatatu asubuhi. Mama anayefuatilia matunzo ya watoto anakukuta sokoni unanunua dagaa na kukueleza shauri lake hapohapo, nawe huwezi kumfukuza.

Mimi daftari langu la wiki mbili lilinionyesha saa 9 kwa wiki, nyingi zikiwa kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili. Nililia kidogo. Lakini namba ile iliniokoa, kwa sababu ilinionyesha kwamba programu ya miezi 18 nikiwa kazini isingewezekana, hata ningesoma kwa bidii namna gani. Wenye watoto wadogo au wazazi wagonjwa wahesabu kwa ukali zaidi. Na dada zangu ambao mnatarajia kupata mtoto ndani ya kipindi cha masomo, ulizeni utaratibu wa kuahirisha kabla ya kulipa: unaruhusiwa mara ngapi, kwa muda gani, na mwisho wa kuwa mwanafunzi ni mwaka wa ngapi. Likizo ya uzazi ya siku 84 inakupa nafuu kazini tu. Kalenda ya chuo haiijui likizo hiyo mpaka umeandika barua.

Hatua ya tatu: tafuta fildi na msimamizi kabla ya fomu

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndipo penye uzito.

Fildi ya shahada ya kwanza inakufundisha kufungua jalada, kufanya tathmini, kutembelea kaya, kuandika taarifa. Ya uzamili inadai zaidi: uweze kusimamia shauri gumu tangu mwanzo hadi mwisho, ueleze nadharia iliyokuongoza, upime kama ulichofanya kimemsaidia mtu, na uanze kuwasimamia wengine. Hayo hayapatikani kwa kupigiwa muhuri kwenye kitabu cha fildi. Yanahitaji kikao cha kila wiki na mtu aliyekutangulia kielimu na kiuzoefu.

Kwa hiyo kaa chini uorodheshe watu, na majengo yaje baadaye. Katika wilaya yako nani ana masters ya ustawi wa jamii? Kwenye wilaya jirani je? Kigoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina, ingawa ni bahati iliyotokana na mateso ya wengine. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu imekuwapo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na baada ya machafuko ya Burundi ya 2015 wakaja wengine wengi. Nduta iko Kibondo. Mashirika yanayofanya kazi ya ulinzi wa watoto na ya waathirika wa ukatili wa kijinsia katika kambi hizo huwa na wasimamizi wa mashauri waliobobea, na baadhi yao wana uzamili. Kuna pia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ustawi wa jamii hospitalini ni shule ya aina yake: mgonjwa asiye na ndugu, msamaha wa matibabu, binti aliyebakwa anayehitaji daktari, polisi na mtu wa kumshika mkono, vyote ndani ya saa chache.

Tabora ina Hospitali ya Kitete na makao ya wazee ya Ipuli. Ina wilaya za tumbaku za Urambo, Kaliua na Sikonge, ambako suala la watoto kufanya kazi mashambani linahitaji watu wenye ujuzi wa kina, si semina ya siku moja. Na kule Ulyankulu kuna familia zilizokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972 na nyingi zikapata uraia wa Tanzania. Mwanafunzi wa uzamili akitaka kuelewa maana ya mtu kuwa mgeni kwa miaka arobaini kisha akawa mwenyeji, hana haja ya kwenda mbali.

Mwenzangu wa Kaliua aliniuliza, "Kwani fildi siwezi kufanyia ofisini kwangu?" Inawezekana kama chuo kinaruhusu, lakini kuna masharti ya msingi ambayo mafunzo ya ustawi wa jamii huyazingatia kila mahali: kazi ya fildi iwe tofauti na unayolipwa kila siku, na msimamizi wa fildi asiwe bosi wako wa kawaida. Ukikaa meza ileile, na mashauri yaleyale ya matunzo, chini ya mkuu yuleyule, utakusanya saa tu. Kama ofisini kwako unashughulikia migogoro ya ndoa, omba siku mbili kwa wiki hospitalini au gerezani. Kama uko hospitali, nenda kwenye kamati za kata za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uone ulinzi wa mwanamke na mtoto unavyopangwa au unavyokwama ngazi ya chini.

Ukishampata mtu, mfuate ana kwa ana. Mwambie, "Kaka, nafikiria kuanza masters mwakani, naomba kujua kama utaweza kukaa na mimi saa moja kila wiki kipindi cha fildi." Akikubali, andika jina lake, elimu yake na simu yake. Karatasi hiyo ndiyo utakayoenda nayo kwenye chuo chochote. Usipompata hata mmoja katika eneo lako, hilo nalo ni jibu: inabidi utoke, angalau kwa kipindi cha fildi. Mtindo wa kubaki nyumbani muda wote hautakufaa hata kama ni rahisi.

Hatua ya nne: sasa linganisha mitindo

Kukaa chuoni muda wote. Ndiyo njia ya haraka, na kwa anayetoka kada nyingine naiona ndiyo bora. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1973, ndiyo mama wa taaluma hii nchini, na inatoa shahada ya uzamili. Ukiwa pale unapata maktaba, wenzako wa kubishana nao, na wahadhiri unaowakuta koridoni. Mtu asikudharaulishe hilo la kubishana. Mambo mengi ya maadili ya kazi yetu hayana jibu kitabuni, na unayapata ukikaa na watu kumi waliokutana na mashauri tofauti. Gharama yake unaijua: kodi ya chumba, nauli, na miezi ambayo familia inakaa bila wewe. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo usipange kurudi kila mwisho wa mwezi. Mtindo huu unafaa mwenye ruhusa rasmi ya masomo, au ambaye bado hajaajiriwa.

Jioni na wikiendi. Kwa mkazi wa Dar, Dodoma au Mwanza ni mtindo mzuri. Kwa aliyeko Tabora au Kigoma, sikushauri, labda uwe na barua ya uhamisho mkononi, yenye muhuri. Hata treni ya kisasa inayokwenda Dar kutoka Dodoma haibadilishi hesabu hii, kwa sababu Tabora hadi Dodoma bado ni safari ya kuchosha, na Jumatatu asubuhi unatakiwa ofisini.

Masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa Kigoma na Tabora, na masters ya ustawi wa jamii ni miongoni mwa programu zake. Uzuri wa masafa ni kwamba unabaki kazini, unabaki na familia, mtihani unaufanyia mkoani, na kile unachosoma alfajiri unakutana nacho ofisini mchana huohuo. Nilisoma nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi asubuhi ya Jumatano, na mchana nikaletewa mtoto wa miaka minne aliyekuwa anamkimbilia kila mtu mzima aliyeingia mlangoni. Mwaka wa nyuma yake ningesema mtoto huyu ni mchangamfu. Siku ile nilielewa kwamba huenda ninaona mtoto ambaye hajapata mlezi mmoja wa kushikamana naye.

Ugumu wa masafa ni upweke. Hakuna anayekuuliza umefikia wapi. Ukishaanza, tafuta wenzako wawili au watatu waliojisajili mkoani, hata kama wanasoma programu nyingine, mkutane kituoni kila Jumamosi ya pili. Kundi la WhatsApp peke yake halitoshi, lilituletea salamu za asubuhi na matangazo ya misiba zaidi ya masomo. Tulipoanza kukutana Kigoma mjini watu wanne, kila mmoja akiwa na kurasa tano alizoandika, ndipo kazi ikaanza kusogea.

Mseto. Baadhi ya programu hukuita chuoni kwa kipindi cha wiki kadhaa kila muhula, kisha unarudi kwenu na kazi za kuandika. Kwa mtu wa huku naupenda mtindo huu kuliko yote, ila uuhesabu vizuri. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28. Vipindi viwili vya wiki mbili vinaimaliza yote, na bado hujahesabu siku za njiani. Omba ruhusa kwa siku hizo mapema na kwa maandishi, usije ukajikuta miaka miwili hujapumzika hata wiki.

Mtandaoni kutoka nje ya nchi. Kaka na dada zetu wengi wanavutiwa na matangazo ya vyuo vya Marekani na Uingereza. Sisemi ni vibaya. Nasema uliza mambo matatu. La kwanza ni ithibati. Marekani, programu za ustawi wa jamii hupewa ithibati na chombo kinachoitwa CSWE, na kwa masters hudai angalau saa 900 za fildi. Ukienda fildi siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, hizo ni wiki 56, zaidi ya mwaka mzima. Tena kwa kawaida msimamizi wako anatakiwa awe na masters ya ustawi wa jamii yenye ithibati hiyohiyo na uzoefu wa miaka miwili. Mtafute mtu huyo Kibondo au Nzega ndipo utaelewa kwa nini nimekuanzishia na orodha ya watu. Uingereza nako, aliye kwenye masomo ya kumfanya afisa ustawi aliyesajiliwa hudaiwa siku 200 za mafunzo kwa vitendo, na hizo haziishii kwenye kompyuta.

La pili ni TCU. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa kabla mwajiri hajaipokea, kwa hiyo waandikie kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu. La tatu ni saa. Darasa la saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao. Jiulize kama utaweza hivyo mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili na bado ukawa na subira kwa mteja wako saa mbili asubuhi. Mteja aliyevunjika moyo hutambua haraka sana afisa ambaye hajalala.

Hatua ya tano: mwajiri

Aliyeajiriwa halmashauri asianze kimyakimya. Najua kishawishi: "nitasoma usiku, nani atajua?" Siku utakapopeleka cheti ili kiingie kwenye jalada lako, utaulizwa ruhusa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla yake. Kama unataka jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo, peleka barua kabla mwaka wa kalenda haujaisha, ukiambatanisha maelezo ya programu, muda, na siku utakazokuwa nje ya kituo. Hata ukijua hakuna fedha, barua iende. Mkurugenzi akikataa kugharamia lakini akaruhusu, umepata kitu kikubwa.

Ukigharamiwa, soma mkataba wa kurudi kazini mstari kwa mstari: utatumikia miaka mingapi na ukiondoka unarudisha nini. Aliye kwenye shirika aulize kama mkataba wake wa kazi utadumu kuliko masomo yake. Miradi ya kambini hukatika ghafla wafadhili wanapopunguza fedha. Kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilifungwa, na watu waliokuwa katikati ya masomo walilazimika kupanga maisha upya.

Hatua ya sita: angalia mwisho wa njia, yaani tasnifu

Wengi wanaokwama kwenye masters hawakwami darasani, wanakwama kwenye utafiti. Wa masafa hukwama zaidi, kwa sababu msimamizi wa tasnifu yuko mbali na barua pepe inakaa wiki tatu bila jibu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mtindo, uliza chuo: msimamizi ninapangiwa lini, ana wanafunzi wangapi, na ana wajibu wa kujibu sura niliyomtumia ndani ya muda gani? Chuo kinachojibu maswali haya kwa ufasaha kinakuheshimu.

Mada ichague mapema, na iwe ya pale ulipo, usilazimike kusafiri kukusanya data. Sisi tuna utajiri wa mambo ambayo hayajaandikwa vya kutosha kwa sauti ya watu wa hapa: familia zinazolea watoto wa wakimbizi waliotengana na wazazi, wazazi wa kambo kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika, bibi wanaotuhumiwa uchawi vijijini Tabora na jinsi ofisi ya ustawi inavyowafikia au isivyowafikia, utekelezaji wa Sheria ya Mtoto ya 2009 kwenye mahakama ambazo afisa ustawi ni mmoja kwa wilaya nzima.

Lakini kila mada ina vibali vyake. Barua ya chuo inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata na kijiji. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hata kama unakaa kilomita chache kutoka getini. Tenga miezi kwa ajili ya hilo, siyo wiki.

Na majalada ya wateja wako si mali yako. Kwenye mji kama Ujiji, ukiandika "mama wa watoto watano, muuza mawese, mume yuko Kalemie", umeshamtaja jina, hata kama hukuliandika. Badilisha maelezo, omba ridhaa, na kama huwezi kumficha mtu vizuri, muache kabisa. Nilifuta sura nzima kwa sababu hiyo na sijutii.

Fedha na mtandao, kwa ufupi

Usilinganishe ada peke yake. Chukua ada ya programu yote, si ya mwaka, kisha ongeza usajili, mitihani, nauli, malazi, bando, uchapishaji wa tasnifu na mshahara utakaoukosa kama utaacha kazi. Mara nyingine programu yenye ada ndogo ndiyo inayokula zaidi kwa sababu ya safari. Bodi ya mikopo na ufadhili wowote uulize moja kwa moja kwenye ofisi husika, usitegemee maneno ya vijiweni.

Kuhusu mtandao, fanya jaribio moja: kaa mahali utakaposomea, saa utakayosomea, ufungue darasa la video la saa moja. Linaweza kula GB 1 au zaidi. Likikatika mara nne, chagua programu inayorekodi mihadhara na kukuruhusu kuipakua. Laptopu yenye betri nzima na taa ya sola vitakusaidia kuliko simu ya bei.

Hatua ya saba: maswali ya kupeleka chuoni, kwa maandishi

Andika barua pepe moja, fupi, kwa ofisi ya masomo ya uzamili. Uliza fildi ni saa ngapi na inafanyika muhula gani. Uliza kama inaruhusiwa Kigoma au Tabora, msimamizi wa nje anatakiwa awe na elimu gani, na nani kutoka chuoni atakuja kunitembelea, mara ngapi, kwa gharama ya nani. Uliza siku ambazo ni lazima niwepo chuoni ana kwa ana. Uliza ukomo wa miaka ya usajili. Uliza kama programu ina ithibati ya TCU kwa mtindo huohuo unaouomba, kwa sababu kuwa nayo kwa masomo ya darasani hakumaanishi imeruhusiwa kutolewa kwa mtindo mwingine. Kisha subiri jibu la maandishi. Ukijibiwa kwa simu, andika ulichoelewa, uwatumie wathibitishe. Namna wanavyokujibu ukiwa bado hujalipa inakuonyesha watakavyokujibu ukiwa mwaka wa pili na tasnifu imekwama.

Mdogo wangu wa Kaliua hakujaza fomu Ijumaa ile. Alikasirika kidogo, nikamwelewa. Alichukua daftari, akaandika wiki mbili, akapata saa 12. Mumewe amekubali kubeba zamu ya jioni ya watoto siku tatu. Alisafiri mpaka Tabora mjini akampata mama mmoja mwenye masters ya ustawi wa jamii, mzoefu wa hospitali, aliyemwambia, "Njoo Jumatano na Alhamisi, nitakaa na wewe, lakini usinichelewee." Sasa ameshajua anahitaji programu ya miaka mitatu kwa masafa, yenye fildi ya siku mbili kwa wiki, mwaka wa pili. Barua yake ya kuomba ruhusa ameniletea niisome jana usiku. Nimemrekebishia tarehe tu. Jumatatu anaipeleka kwa afisa utumishi.